Damu ya Gaju

Je, ile rangi ya manjano ilikuwa ndani ya chembe za damu, au ilikuwa imezishikilia kwa nje tu? Swali lenyewe ni fupi, mtu anaweza kuliuliza huku anamenya kiazi, lakini kwa karibu mwezi mzima lilinikosesha usingizi katika chumba changu nyuma ya kituo cha afya cha Kashebere. Kama rangi ilikuwa ndani, nilikuwa nimefanya kazi ambayo sikumjua mtu mwingine aliyeifanya katika milima yetu. Kama ilikuwa nje, nilikuwa nimepaka damu rangi kwa miezi mingi na kuiita sayansi. Na kama ilikuwa nusu ndani nusu nje, basi sikujua hata jina la kitu nilichokifanya, na hapo ndipo nilipokuwa nikiamka kusoma daftari upya tangu ukurasa wa kwanza, kana kwamba wino ungebadilika wakati nimefumba macho.

Nimelikumbuka swali hilo juma lililopita, nilipopokea sauti ya Mama Jozefina kwenye simu kutoka Bihambwe. Mama Jozefina hufuga ng'ombe na kuuza maziwa, na akirekodi sauti hapotezi muda kwa salamu. "Riziki, mutoto wangu, Gaju ameenda. Haikuwa magonjwa, ni uzee njo imemubeba. Alilala pale kwa mulango, akakataa majani, akaniangalia tu. Nikasema nikuambie, juu damu yake njo ilikusomesha." Niliisikiliza mara sita. Gaju alikuwa ng'ombe mwenye rangi ya udongo mwekundu, pembe yake moja imepinda kuelekea jicho, na kwa mwaka mmoja nilichukua damu shingoni mwake kila baada ya majuma mawili. Nina miaka ishirini na tisa. Najua ni mapema kwa mtu wa umri wangu kuandika kumbukumbu. Nimelifikiria jambo hilo siku nne, na siku ya nne nikaona kwamba nikiendelea kulifikiria nitazeeka, na wakati huo nitakuwa nimesahau bei ya mafuta ya moto, pikipiki zetu za kukodi, na ladha ya maziwa ya jikoni kwa Mama Jozefina. Kwa hiyo naandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya biomedikali Goma, nimebakiwa na memwari tu, ile tasnifu ya kumalizia. Profeseri aliyenisimamia alinipa somo ambalo wenzangu walilicheka: kutumia chembe nyekundu za damu kama wachukuzi wa dawa. Alinieleza mbele ya ubao, kwa subira, na mpaka leo siwezi kueleza vizuri kuliko yeye. Chembe nyekundu ni mfuko laini. Ukiiweka katika maji yenye chumvi pungufu, hunywa maji, huvimba, na ngozi yake hufunguka vitundu vidogo sana. Dawa iliyo karibu huingia. Ukirudisha chumvi kwa wakati, vitundu hujifunga, na dawa hubaki ndani. Mnyama akirudishiwa chembe hizo mwili wake hauzishangai, kwa sababu ni zake mwenyewe, nazo huzunguka kwa siku nyingi zikiachia dawa kidogo kidogo, badala ya kuimwaga yote kwa sindano moja. Kazi yangu ilikuwa hatua ya kwanza tu, ndani ya mirija ya kioo: kuonyesha kwamba dawa inaweza kuingia na kukaa. Tulichagua damu ya ng'ombe kwa kuwa damu ya watu ina wagonjwa wanaoingojea. Tulichagua ile dawa ya manjano wanayochomwa ng'ombe wenye kukojoa damu, ugonjwa unaoletwa na kupe, kwa kuwa rangi yake huonekana kwa macho na mimi sikuwa na mashine ya kupimia. Na mtu yeyote aliyefuga Masisi anaelewa faida ya dawa inayokaa muda mrefu mwilini, katika nchi ambayo muganga wa mifugo hufika siku barabara inapokubali.

Ng'ombe walikuwa Bihambwe, huko Masisi. Maabara pekee iliyokubali kunipokea ilikuwa Kashebere, ng'ambo ya Masisi, unapoingia Walikale. Zile za karibu zilikuwa na wagonjwa wengi kuliko mirija, nami siwalaumu. Aliyenikubalia ni Kaka Déo, fundi wa maabara wa kituo, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililoshonwa viraka viwili mfukoni. Alinipa nusu ya meza. Chumba kilikuwa na mlango wa buluu, dirisha moja lililozibwa kwa karatasi ya nailoni, darubini, na santrifije ya kutenganisha damu, ya kuzungusha kwa mkono, iliyolia kama mbuzi aliyekanyagwa. Juu ya meza palining'inia taa ya sola yenye mwanga hafifu wa rangi ya kiini cha yai. Ukuta wa upande wa kungojea wagonjwa ulikuwa wa mbao, na mimi, ambaye tangu utoto nimekuwa nikiogopa watu wanavyonisema, nilikaa mwaka mzima nikiwasikia wakinisema sentimita tano kutoka sikioni.

"Huyu dada iko anapika damu ya ng'ombe," alisema mwanamke mmoja asubuhi moja.

"Juu ya nini ya ng'ombe? Ya bantu imeisha?"

"Banasema anafichaka dawa ndani ya damu, isipotee njiani."

Kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Aa, nimeelewa. Ni kama sisi ba kuchimba Omate. Dhahabu unaiweka mu soksi, unapita kizuizi, unafika nayo kwenu." Wakacheka wote, na Déo akacheka akiwa ameinamia darubini. Mimi niliandika maneno hayo pembezoni mwa daftari. Nilikuwa nimehangaika miezi kumueleza kila mtu kazi yangu, na mchimbaji mmoja mwenye malaria alikuwa ameimaliza kabla hajaitwa jina.

Safari ilikuwa ya nusu siku kwa moto kama mvua haikunyesha. Nilifika Bihambwe jioni ya siku moja na kurudi asubuhi ya pili. Jiko la Mama Jozefina lilikuwa nyumba ndogo ya udongo peke yake, nyeusi ndani kwa moshi, na vibuyu vya maziwa vimepangwa juu ya ubao kwa ukubwa kama watoto wa shule. Tulikula maharagi na viazi, mara nyingine bugali wa muhogo na sombe ya majani yake, na mwisho kikombe cha maziwa ya kuganda ambacho hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukikataa. Majirani wakulima walikuja kuchukua maziwa na kuacha maharagi mabichi, na kila mmoja aliniuliza kama nimeolewa kabla ya kuniuliza jina. "Mumuache," alisema Mama Jozefina. "Huyu ameolewa na Gaju." Alfajiri alimshika Gaju kichwa, akamsemesha Kinyarwanda kwa sauti ya chini, nami nikamchoma shingoni. Damu niliikinga katika chupa ndogo zenye dawa ya kuizuia isigande. Nilizijaza nusu. Kitabu kilisema hivyo: acha nafasi ili damu ichanganyike vizuri na dawa. Nami kitabu nilikitii kwa sababu nilijua nikianza kukihoji sitaacha.

Mwezi wa saba nilipata nilichokitafuta. Nilifungua chembe kwa chumvi pungufu na dawa, nikazifunga, nikaziosha mpaka maji ya juu yakawa safi, kisha nikazivunja na kumimina alkoli juu yake. Wekundu uliganda, ukazama chini kama matope, na maji yaliyobaki juu yalikuwa ya manjano. Kando yake palikuwa na mrija wa shahidi, wa kulinganishia: damu ileile, dawa ileile, isipokuwa huo sikuupunguzia chumvi, kwa hiyo chembe zake hazikufunguliwa na hazikupaswa kubeba kitu. Niliutazama chini ya taa. Niliuona mweupe. Nikaandika: shahidi, safi. Nilirudia mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja niliandika neno hilo.

Nilimpigia Profeseri. Hakuwa mtu wa kusifu, lakini siku ile alisema "Bravo" mara mbili, na juma lililofuata aliniarifu kwamba ameniandikisha katika kikao cha kutetea memwari cha mwezi wa kumi, tena kwamba kitivo kilikuwa na nafasi moja ya asistanti, msaidizi wa kufundisha, na kwamba nikitetea katika kikao hicho yeye atanitaja mimi. Nafasi hiyo nilikuwa nimeiota tangu mwaka wa kwanza, kwa siri, kama mtu anavyoota kuimba. Nilimwambia Déo. Alikwenda kununua mikate ya mafuta kwa mwanamke wa kituo cha moto, tukala juu ya meza iliyofunikwa kwa gazeti, na akanikabidhi kwa dhihaka kalamu yake ya bluu ili nizoee kusaini.

Siku tatu baadaye Déo aliosha vyombo. Taa ilikuwa imekataa, sola haikupata jua tangu juzi, kwa hiyo alibeba kibao chote cha mirija mpaka mlangoni, kwenye mwanga wa nje, na nyuma yake akaweka karatasi nyeupe ya fomu.

"Riziki, kuya uangalie. Hii ya mwisho iko nini?"

"Ni shahidi."

"Njo ile haukufungua?"

"Njo yenyewe."

"Basi juu ya nini na yenyewe iko manjano?"

Nilitazama. Ilikuwa manjano. Hafifu, kama mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi, lakini manjano. Chini ya ile taa yetu ya kiini cha yai kila kitu kisicho na rangi kilikuwa na rangi hiyo, na jicho langu lilikuwa limezoea kuiondoa bila kuniuliza. Nilisema labda sikuosha vizuri. Déo alisema labda. Alikuwa mtu mwema, akaacha pale. Mimi ndiye sikuweza kuacha, na huo ndio mwezi wa swali nililoanza nalo. Niliosha mara tano, mara nane. Maji ya kuoshea yalitoka safi na shahidi akabaki manjano. Basi dawa haikuwa nje. Ilikuwa ndani ya chembe ambazo mimi sikuzifungua. Nani alizifungua?

Nilikwenda Bihambwe nikiwa sili. Mama Jozefina aliona nimeacha maziwa na akachukulia kama matusi, kwa hiyo ilinibidi nimueleze yote, hapo jikoni, huku akifunga maziwa ya kupeleka sokoni. Nilimwambia kuna kitu kinazitoboa chembe za Gaju kabla sijazigusa. Alikuwa anamimina maziwa kwenye bidoni ya njano, na nilimuona akimimina mpaka mdomoni kabisa, mpaka yakafurika kidogo kwenye kidole chake, kisha akasokota kifuniko juu yake bila kuacha hata upana wa kucha.

"Damu yako unaibebaka mu nini?"

Nilimuonyesha chupa. Aliiinua, akaona alama ya damu ya safari iliyopita, nusu ya kioo.

"Unaachaga nafasi?"

"Kitabu inasema hivyo, Mama."

"Hiyo kitabu ilipandaka moto ya Masisi siku moja?" Muuza maziwa mwenzake, aliyekuwa amekaa mlangoni akifunga mzigo, aliangua kicheko. Mama Jozefina hakucheka. "Angalia, mutoto. Maziwa ukiipa nafasi, inacheza. Ikicheza njia yote, unafika sokoni na mafuta, si maziwa, bantu banakutukana. Ukijaza mpaka juu, haina pa kuchezea, inafika vile ilitoka kwa ng'ombe. Sasa weye ulimuchezesha Gaju kutoka hapa mpaka Walikale, halafu unauliza nani alimutoboa?"

Nilitaka kumueleza kwamba damu si maziwa. Kisha nikafikiri kuhusu saa tano za mashimo na mawe, chembe zikipigwa ukutani mwa kioo na mapovu, nyingine zikipasuka, nyingine zikichanika kidogo tu, kiasi cha kutoonekana kwa darubini na kutosha kupitisha dawa. Damu nayo ilikuwa imecheza. Leo nikikutana na wanafunzi wanaodharau mtu asiyesoma, simwambii yeyote habari hii kama somo la adabu. Nawaambia tu jinsi tulivyofanya asubuhi iliyofuata: tulikinga damu katika chupa kubwa moja pamoja na dawa ya kuzuia kuganda, tukaichanganya kwa kuigeuza taratibu mpaka kitabu kingeridhika, kisha tukaimimina katika chupa ndogo, moja moja, mpaka shingoni, mpaka ikafurika. Mama Jozefina mwenyewe alifunga vifuniko. Alisema mimi nina vidole vya ofisi.

Kashebere niliifanya kazi yote mlangoni, juani, juu ya karatasi nyeupe, Déo akizungusha santrifije na watu wa kungojea wamegeuza benchi ili waone. Maji ya kwanza ya kuoshea, ambayo miezi yote yalikuwa mekundu na mimi nilidhani ndivyo yalivyo, yalitoka karibu meupe. Nilifungua chembe, nikafunga, nikaosha, nikavunja, nikamimina alkoli. Mrija wa kazi ulikuwa manjano. Mrija wa shahidi ulikuwa safi kama maji. Déo aliuinua mbele ya karatasi, akauteremsha, akauinua tena. "Huyu shahidi wa leo hasemi uongo," alisema, na mzee mmoja kwenye benchi akapiga makofi bila kujua anapigia nini.

Lakini ule umanjano wa kweli ulikuwa mdogo kuliko ule wa zamani. Kwa macho tu uliweza kuona: ulikuwa kama nusu. Nusu nyingine ya umanjano niliomtangazia Profeseri ilikuwa kazi ya barabara. Hapo akili yangu ilianza kufanya inachokifanya. Ilisema: hitimisho ni lilelile, dawa inaingia, nani atauliza ni kiasi gani. Ilisema: rekebisha safu moja ya jedwali, neno "safi" sasa ni kweli. Ilisema: juri, wale walimu wa kikao, haitakwenda Bihambwe kuuliza chupa zilijazwa vipi. Kisha ikageuka upande wa pili ikasema kwamba mara moja si ushahidi, kwamba lazima nirudie na ng'ombe wengine, miezi kadhaa, na kikao cha mwezi wa kumi kitapita, na nafasi ya asistanti itapita nacho. Nilimuuliza Déo angefanya nini. Alisema, "Dada, mimi napimaka malaria. Nikiandika hakuna na iko, muntu anakufa. Zako sijui." Hakusema kwa kunifundisha. Alirudi kwenye darubini yake.

Nafasi ile alipewa mwenzangu wa darasa, na anaifanya vizuri. Mimi nilitetea mwaka uliofuata, baada ya ng'ombe wanne na chupa nyingi zilizofurika, na sura ya tatu ya memwari yangu ina majedwali mawili: la kwanza ni zile mara kumi na moja zisizofaa, zote, na maelezo ya kwa nini hazifai, la pili ndilo la kweli, dogo kuliko la kwanza. Kuna ukurasa unaoeleza jinsi ya kusafirisha damu kwa moto kwa desturi ya wauza maziwa wa Masisi, na jina la Mama Jozefina limo. Juri ilikaa juu ya ukurasa huo muda mrefu kuliko kurasa zote. Najivunia hayo, na sioni haya kusema. Lakini mtu akiniuliza nilikua lini, sitaji siku ya kutetea. Nataja asubuhi ya kilima cha mtandao.

Kashebere simu ilikamata mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya mashamba ya muhogo, na kila asubuhi watu walipanda huko kusimama wameelekea upande mmoja kama wanaosali. Pembeni yangu mchimbaji alikuwa akimwambia mkewe kwamba Jumamosi anafika, wallahi Jumamosi. Mama mmoja alikuwa akigombana na mtu wa Sake kuhusu ndizi zilizoiva kabla ya siku yake. Nilikuwa nimeandika hotuba kwenye karatasi, pande mbili, yenye utangulizi. Profeseri aliitika, akafurahi kunisikia, akaniambia tarehe imepangwa, wasomaji wawili wamekubali.

"Profeseri, matokeo niliyokutumia si sahihi," nilisema. "Shahidi hakuwa safi. Damu ilikuwa inaharibika njiani."

"Tarehe imeshatoka, Riziki. Kuya Goma, tukae pamoja, tutarekebisha maneno."

"Haiko maneno, Profeseri. Ni kazi. Nimeirudia mara moja imekubali. Nataka kuirudia yote."

Pembeni yangu mchimbaji aliapa tena Jumamosi. "Unajua nafasi haitakungojea," Profeseri alisema. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa akinipa mlango wa kurudi nyuma.

Karatasi ilikuwa mkononi, na upande wa pili wote ulikuwa sababu. Niliikunja.

"Najua," nilisema. "Toa jina langu kwenye orodha."

Nilikata simu, nikateremka kilima, nikamuuliza mtu wa moto kama barabara ya Bihambwe iko wazi leo.